Kushusha propela ya nyuma ya Defender 110 ili kubadilisha krosi

Mkuu uliyeko Pangani, umeuliza kama propela ya nyuma ya 110 (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma) inaweza kushushwa nyumbani ili kubadilisha krosi, kile kiungo cha msalaba kinachoiwezesha kukunjika. Inawezekana, lakini usiitegemee hendibreki. Ya Defender hii ya zamani haishiki magurudumu. Dramu yake iko nyuma ya transifa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na inakamata propela hiyohiyo unayoitoa. Ukishaichomoa, loki ya difu ya katikati (iliyo ndani ya transifa) ikiwa wazi, vuta mpaka mkono uchoke, gari litaondoka tu. Na kuinua gurudumu moja la nyuma ili uizungushe shafti nako kunatosha kuliachia. Kwa hiyo tafuta tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, stendi chini ya ekseli, transifa nyutro. Hendibreki vuta tu unapovunja nati, kisha ishushe, zungusha, vuta tena.

Nati ni nane, nne kila ncha, za spana ya inchi 9/16. Spana ya milimita 14 haiingii, ya 15 inakula kona. Kwa gari la pwani, piga brashi ya waya na dawa ya kutu tangu jana yake.

Kabla ya kulegeza, weka alama kwa patasi: flanji kwa flanji (sahani zinazofungwa kwa nati) ncha zote mbili, na kwenye splaini (meno ambapo vipande vya shafti huingiliana). Splaini ikirudishwa jino tofauti, shafti itatetemeka na kuua krosi mpya. Propela ya mbele ya matoleo mengi ya springi za koili hutoka kiwandani masikio (mikono inayoshika krosi kila ncha) yakiwa yamepishana makusudi. Fundi “akiyanyoosha” ameiharibu.

Krosi mpya ikiwa ngumu kukunjika baada ya klipu kukaa, gonga sikio taratibu kwa nyundo laini. Bado ngumu? Fungua, huenda sindano ya beringi imelala chini ya kikombe chake.

Safisha nyuso za flanji, chembe ya kutu inaitoa shafti senta. Nati za kujiloki nunua mpya, uzi wa inchi 3/8 UNF. Wa dukani Ngamiani, Tanga, akikupa za milimita 10, rudisha. Kaza kwa kukingamisha, Nm 47.

Grisi ya splaini isizidi. Ikijaa, shafti haifupiki na inasukuma beringi za transifa na difu. Toa nipo (kitundu cha kupigia grisi), ikandamize shafti, grisi ya ziada itoke, ndipo urudishe nipo.

Krosi ikichelewa kupatikana, gari linatembea kwa propela ya mbele peke yake ukiloki difu ya katikati. Bila loki, injini itavuma na gari halisogei.