Re: Soko huria litamsaidia mkulima mdogo wa karanga?

Ndugu wa Bukavu, umeuliza kama serikali ikiondoa mkono wake sokoni, bei ya mama anayelima karanga itapanda. Inaweza kupanda, lakini inayofika mfukoni mwake ni kidogo mno.

Angalia Msumbiji. Katika miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliibana serikali ipunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi, ikidai wakulima watalipwa vizuri. Korosho ghafi zikauzwa nje, viwanda vya kubangua vikafungwa, maelfu wakakosa kazi, wengi wao wanawake. Mwaka 2002 mwanauchumi Dani Rodrik na wenzake walipiga hesabu: familia ya wastani inayolima korosho iliongeza kama dola 5.30 kwa mwaka. Dola tano! Nyingine zilibaki kwa wafanyabiashara.

Lakini bei ya amri nayo si dawa. Tanzania mwaka 2018 iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kubeba. Bei ilikuwa nzuri, ila wakulima wengi walisubiri sana malipo.

Huku kwetu Lubumbashi soko la karanga ni huru. Mnunuzi anafika kijijini na meka (chombo cha kupimia) yake mwenyewe, anaijaza mpaka karanga zinamwagika, lakini analipa kana kwamba imejaa hadi ukingoni tu. Mama anakubali kwa sababu ada za shule zinadaiwa na hana ghala. Hilo linaniuma sana. Kwa hiyo mimi ningedai kwanza mizani ya kikundi, ghala kavu (karanga zikilowa zinaota ukungu wenye sumu) na barabara.