Jibu: Taa ya kuangazia mchoro wa Tingatinga sebuleni
Mkuu, umeuliza kwa nini nyekundu ya Tingatinga yako usiku inageuka kama kahawia. Mchoraji hana kosa, tatizo ni balbu. Soma alama ya CRI kwenye boksi, yaani kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi halisi, mwisho 100: chini ya 80 achana nayo, tafuta 90 kwenda juu, yenye mwanga wa 3000K hivi (K, yaani Kelvin, ni kipimo cha rangi ya mwanga; huo ni mweupe wa vuguvugu). Wengi tunakimbilia wati, na wati hazisemi lolote kuhusu rangi.

Halafu michoro hiyo hupakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Ukiimulika uso kwa uso utaona mng'ao tu, chui aliyechorwa humwoni! Funga taa darini, mwanga uishukie kwa nyuzi 30 hivi kutoka wima.

Zile picha za harusi ulizosema ziko dirishani, zitoe hapo. Jua litazipausha.