Tiba iliyonikuta mbele ya kioo

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na taa ya bafuni nilikuwa nimeshaiwasha. Nasogeza uso mpaka pumzi yangu inatia ukungu kwenye kioo, nafuta kwa kiganja, nasogea tena. Nilikuwa natazama pua, upande wa kulia, pale mfupa unapoishia na kuanza nyama. Nageuka kidogo, nainua kidevu, nabonyeza kwa kidole, narudia. Nilipotoka mle ndani jua lilikuwa limeshapanda, nikapiga simu kazini kusema naumwa. Sikuwa nadanganya, ila sikujua naumwa nini.

Kwa miaka niliamini kwamba shida yangu ni pua. Naandika haya kwa ajili yako wewe ambaye shida yako ni ngozi, nywele, meno, kidevu, tumbo au mikono unayoiona myembamba, na ambaye kila ukiambiwa "mbona uko sawa" unajisikia mpweke zaidi. Ugonjwa huu unatambulika. Wataalamu huuita disimofia ya mwili: kusumbuliwa mno na kasoro ya sura ambayo wengine hawaioni au wanaiona ndogo tu. Daktari wa Italia, Enrico Morselli, aliueleza tangu 1891, kwa hiyo haukuzaliwa na simu za mkononi. Huwapata takriban watu 2 katika kila 100, wanaume karibu sawa na wanawake, na mara nyingi huanza katika umri wa kubalehe, wakati ambapo hakuna anayemsikiliza kijana akilalamikia sura yake.

Jambo lililonifungua macho ni mahali ulipowekwa. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeupanga pamoja na magonjwa ya wasiwasi wa kurudiarudia, na Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka huko. Maana yake ndugu yake wa karibu ni yule mtu anayerudi mara kumi kuhakikisha mlango umefungwa. Yeye mlango, mimi pua. Fikra inachoma, unafanya kitu ili utulie, unatulia dakika chache, fikra inarudi ikiwa na nguvu zaidi. Majivuno hayamo humo kabisa. Mwenye majivuno hujitazama akafurahi.

Kile kitu unachofanya ili utulie ndicho kinachoulisha ugonjwa. Kwangu kilikuwa kioo, picha, kujilinganisha na pua za watu niliokutana nao, na dada yangu.

"Dada, hebu niangalie vizuri. Haijapinda?"

"Haijapinda, mdogo wangu."

"Umeangalia ukiwa upande huu?"

Aliangalia upande huu, akaangalia na ule. Alinijibu kwa upendo mara nyingi zisizohesabika, na hakuna jibu hata moja lililonikaa zaidi ya robo saa. Baadaye, baada ya kuelekezwa, tulikubaliana aseme: "Hilo ni swali la ugonjwa, nakupenda, silijibu." Mara ya kwanza nilikasirika nikalia. Lakini nawaambia wanaoishi na mtu kama mimi: kumhakikishia kila akiuliza ni kumwongezea kiu. Kubalianeni jibu mapema, akiwa ametulia.

Kuhusu picha, hili ujue leo hii. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba picha ya kujipiga mwenyewe kwa umbali wa kama sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa kutoka mita moja na nusu. Ni umbali tu unaofanya hivyo, kwa pua ya mtu yeyote. Mimi nilikuwa nimejaza simu picha za ushahidi dhidi yangu, zote za umbali wa mkono. Nilikuwa pia nimeanza kuweka akiba ya upasuaji. Nashukuru sikufika. Wenye ugonjwa huu wanaopasuliwa mara nyingi hawaridhiki, au wasiwasi unahamia kiungo kingine, kwa sababu kisu kinagusa pua na tatizo liko kwenye namna ya kutazama.

Nilitafuta tiba mtandaoni kwa sababu moja tu, aibu. Sikuweza kufikiria kukaa kwenye benchi la kusubiri huku watu wakinitazama usoni. Lakini nimekuja kuamini kwamba kwa ugonjwa huu mtandao una faida ambayo chumba cha daktari hakina: unakufikia pale ugonjwa unapoishi. Mimi sikuumwa hospitalini. Niliumwa bafuni, mbele ya kabati la nguo, kitandani na simu. Mtaalamu wangu alinipa zoezi nikiwa hatua sita kutoka kwenye kioo chenyewe, na nikalifanya akisubiri kwenye simu.

Si mimi peke yangu. Nchini Sweden watafiti waliwagawa watu wazima 94 makundi mawili. Kundi moja lilipata masomo ya tiba ya fikra na tabia kwa intaneti kwa wiki 12, wakiandikiana ujumbe na mtaalamu. Jingine lilipata ushauri wa kutiwa moyo tu, nao kwa mtandao. Matokeo yalitoka 2016: miezi mitatu baada ya tiba, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 56 katika kundi la kwanza na 13 katika la pili. Zingatia tofauti hiyo. Wote walikuwa mtandaoni, wote walikuwa na mtu mwema wa kuwasikiliza. Kilichowatofautisha ni aina ya kazi waliyopewa.

Hilo nililijua kwa gharama ya miezi minne. Mtu wa kwanza niliyempata alikuwa mpole sana. Kila kikao niliwasha kamera, nikaeleza pua yangu, naye akaniambia kwa sauti ya huruma kwamba ni nzuri. Alikuwa dada yangu wa pili, ila huyu nalipia. Isitoshe, vikao vyote hivyo sikumtazama yeye. Nilitazama kile kidirisha kidogo cha pembeni chenye sura yangu. Dakika hamsini za kioo! Mtaalamu wa pili aliniuliza swali moja kabla hata ya salamu kuisha: "Sasa hivi unamtazama nani?" Kisha akanielekeza namna ya kukificha kidirisha changu huku yeye akiendelea kuniona. Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu, muulize mambo mawili. Amewahi kutibu disimofia ya mwili? Na nikikuuliza kama naonekana vibaya, utanijibu nini? Akisema atakuhakikishia kwamba uko sawa, mshukuru na uendelee kutafuta.

Mambo ya vifaa hayana mengi: vaa visikilizi, kaa mahali ambapo wa nyumbani hawasikii, na mkubaliane mapema mtafanya nini mtandao ukikatika katikati ya jambo zito.

Sasa umakinifu, yale mazoezi ya kutulia na kuitambua hali iliyopo bila kuihukumu. Nitasema ukweli, mwanzoni yaliniumiza. Nilipakua rekodi inayokutaka upitishe akili mwilini kuanzia vidole vya miguu mpaka utosini. Nilipofika usoni akili haikupita, iliweka kambi. Nikatoka kwenye zoezi la utulivu nikienda moja kwa moja kwenye kioo. Nikadhani nimeshindwa hata kupumua. Mtaalamu akanibadilishia: achana na uso kwa sasa, anza na sauti. Kaa, sikiliza sauti ya mbali kabisa, halafu ya karibu, halafu nyayo zako zinavyogusa sakafu. Kwa mtu ambaye mwili wake umegeuka kuwa kitu cha kukaguliwa, kutoka nje ya mwili kwanza ndiko kunakomrudisha polepole ndani. Uso nilifika wiki ya saba.

Na usiyafanye ili utulie. Ukiyafanya ili utulie, utaanza kukagua kama umetulia, na kukagua ndio ugonjwa wenyewe. Mimi niliyatumia kwa kazi moja: kukaa na hamu ya kwenda kwenye kioo bila kuitii. Nakumbuka jioni ya kwanza. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, mlango wa bafuni uko wazi. Hamu ilikuwa kifuani, kama mtu anabana kwa ngumi, na mikono ilikuwa ya baridi. Nikasema kwa sauti nilivyofundishwa: "Kuna fikra kwamba pua yangu imepinda." Sikusema "pua yangu imepinda." Maneno matatu yaliyoongezwa mbele, lakini yalinipa nafasi ya kupumua. Dakika ya kumi hamu ilipanda mpaka nikasimama. Nikakaa tena. Dakika ya ishirini na kitu nikasikia mlango wa jirani ukifungwa, na nikagundua kwamba kwa muda nilikuwa nasikiliza mlango. Maji yakijaa hupwa, tumeambiwa tangu utotoni, ila mimi sikuwahi kukaa ufukoni mpaka yakapwa. Kila mara nilikimbia yakiwa yamejaa.

Kioo chenyewe hatukukifunika. Kukwepa kioo ni upande wa pili wa sarafu ileile. Nilifundishwa kusimama karibu mita moja, kujitazama mzima kuanzia nywele hadi miguu, na kujieleza kama anayemsimulia mtu asiyeona: nywele nyeusi fupi, nyusi mbili, pua yenye rangi ya kahawia, shati la bluu. Hakuna neno "baya" wala "zuri." Pua inapata sentensi moja, sawa na shati. Kisha ninaondoka.

Umakinifu peke yake haukuniponya na sitaki uupokee hivyo. Kiini cha tiba ni kuacha mazoea ya kujikagua na kwenda unakokuogopa. Wapo pia wanaohitaji dawa, zile za sonona zinazogusa serotonini, kemikali ya ubongo, mara nyingi kwa kipimo kikubwa kidogo na kwa wiki nyingi kabla ya kuona nafuu. Mimi nilizitumia kwa mwaka mmoja na sina aibu nazo. Daktari ndiye wa kuamua, na yeye ndiye wa kukuongoza unapotaka kuziacha.

Na hapa nakuomba unisikilize sana. Mawazo ya kujiua ni ya kawaida mno katika ugonjwa huu. Yakikujia, usisubiri kikao cha Alhamisi wala ujumbe ujibiwe. Mwamshe mtu wa nyumbani, piga simu ya dharura, nenda hospitali usiku huohuo. Tiba ya mtandaoni haijatengenezwa kwa usiku huo.

Kwa wengi kinachokwamisha ni ujumbe wa kwanza. Mimi niliufuta mara tisa, kwa sababu kila nilipoandika "pua yangu" nilijiona mjinga. Kama na wewe ulimi ni mzito, nakili maneno haya, ubadilishe kiungo na saa ziwe zako, uyatume kabla hujayasoma mara ya pili: "Habari. Natumia kama saa nne kila siku kufikiria na kukagua pua yangu. Watu wanasema hawaoni tatizo. Nimeanza kukosa kazi na kukwepa watu. Nadhani ni disimofia ya mwili. Sihitaji kuambiwa kwamba naonekana vizuri. Nahitaji msaada wa kuacha kukagua. Je, umewahi kumtibu mtu mwenye hali hii?"