Mtazameni mtu wa tatu na wa nne: Dodgers na Giants, 1965 na 1966

Mhariri, mmetutaka wasomaji tuchague timu mbili za besiboli ambazo ni watani wa jadi, tuwaweke warushaji wao wa kuanza ubavu kwa ubavu, kisha tuseme nani zaidi na kwa nini. Mimi nawachukua Los Angeles Dodgers na San Francisco Giants wa misimu ya 1965 na 1966. Jibu langu ni Dodgers. Najua wengi wakisikia hivyo watadhani nasema Sandy Koufax, kinara wa warushaji wa Dodgers, lakini kwa Koufax Giants walikuwa na mtu wa kumjibu. Kilichowaponza Giants ni mrushaji wa tatu mwaka wa kwanza na wa nne mwaka wa pili. Ubingwa wa National League uliwapita kwa mechi 2 mwaka 1965, na kwa mechi moja na nusu mwaka 1966. Kwa pengo dogo namna hiyo, kila aliyeshika zamu ana hesabu ya kujibu.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: mrushaji wa kuanza hawezi kurusha kila siku, maana mkono unachakaa. Anarusha leo, anapumzika siku kadhaa, wenzake wanashika nafasi; mzunguko huo wote ndio ninaouita zamu. Leo timu nyingi huzungusha watu 5. Miaka ile walikuwa 4, na aliyeanza alitarajiwa kuimaliza mechi mwenyewe, iningi (vipindi) zote 9. Kipimo nitakachokitumia sana ni wastani wa mikimbio, yaani pointi, ambayo mrushaji anaruhusu kwa kila iningi 9, bila kuhesabu iliyotokana na makosa ya wenzake uwanjani. Ukiwa chini ya 3, huyo ni mrushaji mzuri. Ukiwa karibu na 2, wapigaji wanalala na njaa.

Tuanze na vinara. Mwaka 1965 Koufax, mrushaji wa mkono wa kushoto, alishinda mechi 26 akapoteza 8, wastani 2.04, na akawatoa wapigaji 382 kwa straiki (mpigaji akishindwa na mirusho 3 halali, anatoka), rekodi mpya ya zama za kisasa wakati huo. Juan Marichal wa Giants, mwana wa Laguna Verde kule Jamhuri ya Dominika, alishinda 22 akapoteza 13, wastani 2.13, na mechi 10 kati ya hizo wapinzani hawakupata hata mkimbio mmoja. Mwaka 1966 Koufax akapata 27 kwa 9 na wastani 1.73; Marichal 25 kwa 6 na wastani 2.23. Koufax yuko mbele, sibishi. Ila mbele kidogo. Koufax aliwashinda wapigaji kwa vitu viwili, mpira wa kasi na mpira wa kujipinda, na walivijua vyote viwili na bado hawakuvigusa. Marichal alikuwa na mipira ya kila aina, akiirusha kwa pembe tofauti za mkono, huku mguu wa kushoto ukipanda juu hadi kiatu kikapita kichwa. Ukimwona hivyo utafikiri mpira hautajua unakwenda wapi, kumbe mwaka 1966 katika iningi 307 alitoa besi ya bure, ile anayopewa mpigaji kwa mirusho 4 mibaya, mara 36 tu. Mtu wa namna hiyo hakuwahi kupata Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, na inaniuma mpaka leo, maana hadi 1966 tuzo ilikuwa moja tu kwa ligi zote mbili, na miaka yake mizuri iliangukia juu ya ile ya Koufax.

Sasa shukeni ngazi moja, huko ndiko mambo yanakobadilika. Nyuma ya Koufax mwaka 1965 alisimama Don Drysdale, pande la mtu aliyerusha mkono ukija kutoka ubavuni, asiyeona haya kumgonga mpigaji kwa mpira akimsogelea mno. Alishinda 23, wastani 2.77. Juu ya hayo alipiga kwa wastani wa .300, yaani alifanikiwa mara 3 kwa kila 10, na kuuvusha mpira ukuta, pigo linaloleta mkimbio papo hapo, mara 7, katika timu ambayo wachezaji wake walioongoza kwa kuvusha ukuta, Lou Johnson na Jim Lefebvre, walifanya hivyo mara 12 tu kila mmoja. Mrushaji alikuwa mmoja wa wapigaji wao wa kutegemewa! Hebu fikirini ugumu wa kazi ya kuanza mechi kwa timu kama hiyo. Dodgers waliishi kwa mkimbio mmoja mmoja, Maury Wills akiiba besi (kukimbilia besi ya mbele bila kungoja mpira upigwe) 94 msimu huo, na mrushaji alijua kosa moja dogo linaweza kuipoteza jioni nzima. Wenzao Giants walikuwa na Willie Mays aliyevusha ukuta mara 52 na Willie McCovey mara 39. Mrushaji wa Giants angeweza kuruhusu mikimbio 3 na bado akaenda nyumbani ameshinda.

Mtu wa tatu wa Dodgers aliitwa Claude Osteen. Rekodi yake ya 1965 ni 15 kwa 15, na mtu akiisoma haraka atamwona wa kawaida. Wastani wake ulikuwa 2.79 kwa iningi 287. Huyo ndiye mrushaji aliyepoteza mechi 15 kwa sababu wenzake hawakufunga. Dodgers walimpata kutoka Washington Senators Desemba 1964 kwa kumtoa Frank Howard, jitu la kuvusha ukuta, na nadhani mabadilishano yale ndiyo yaliyoamua ubingwa wa 1965 kuliko kitu kingine chochote. Koufax, Drysdale na Osteen walirusha pamoja iningi zaidi ya 930. Watatu wa juu wa Giants wamepungukiwa na kama iningi 200 ukilinganisha na hao. Iningi 200 ni mrushaji mzima wa kuanza! Bob Shaw alijitahidi sana, 16 kwa 9 na wastani 2.64, na simwondolei sifa yake. Baada yake, Gaylord Perry alikuwa bado hajajipata, 8 kwa 12 na wastani zaidi ya 4. Julai wakamchukua hata Warren Spahn, mrushaji mkubwa wa zama zilizopita, akiwa na umri wa miaka 44, akawashindia 3 tu.

Haiwezekani kuzungumzia zamu ya Giants mwaka ule bila kufika Agosti 22, Candlestick Park, uwanja wa Giants, Koufax dhidi ya Marichal. Marichal alikuwa amewarushia Dodgers wawili mipira ya karibu na mwili, Koufax akajibu kwa kuupitisha mmoja juu ya kichwa cha Mays. Iningi ya tatu Marichal akaingia kupiga. Mdakaji wa Dodgers, John Roseboro, aliporudisha mpira kwa Koufax aliupitisha karibu kabisa na sikio la Marichal. Maneno yakatoka, Roseboro akasimama, na Marichal akampiga kichwani kwa rungu la mchezo. Jeraha lilishonwa nyuzi 14. Mays ndiye aliyemshika Roseboro na kumtoa pale, damu ikiwa usoni. Koufax, aliyeonekana wazi kutikisika, muda mfupi baadaye akampa Mays mpira ulioishia nje ya ukuta na mikimbio 3. Giants wakashinda 4-3.

Walishinda mechi, wakapoteza zamu. Marichal alifungiwa siku 8 za michezo, akatozwa faini ya dola 1,750, kubwa kwa wakati ule, na akazuiwa kucheza kwenye mechi za mwisho za msimu baina ya timu hizo, Los Angeles. Hadi siku ile alikuwa ameshinda 19 na kupoteza 9. Baada yake alishinda 3 na kupoteza 4. Timu yenye watu wanne wa kuaminika ingeweza kuibeba adhabu hiyo. Giants hawakuwa na wa kujaza nafasi, na mwisho walikosa ubingwa kwa mechi 2. Roseboro na Marichal walikuja kupatana, wakawa marafiki wa kweli, na Roseboro alipofariki mwaka 2002 Marichal alizungumza kwenye mazishi yake. Nayataja kwa heshima ya wote wawili.

Wala Giants hawakukata tamaa. Septemba walishinda mechi 14 mfululizo na kuongoza ligi. Dodgers wakajibu kwa kushinda 13 mfululizo, na 15 kati ya 16 za mwisho. Hapo ndipo unaiona zamu kamili inafanya nini: hakuna siku ya kupumua kwa mpinzani. Kisha kwenye World Series, fainali ya mabingwa wa ligi mbili, Minnesota Twins wakawafunga Drysdale na Koufax mechi mbili za kwanza. Nani alisimamisha maji? Osteen, mechi ya tatu, 4-0, akamaliza mwenyewe. Koufax akaja kufunga kazi katika mechi ya saba, 2-0, akiwa amepumzika siku mbili tu. Watu wanaikumbuka ya saba. Bila ya tatu isingekuwapo.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo lazima niijibu: Dodger Stadium. Uwanja ule, uliofunguliwa 1962, uliwapendelea warushaji, na tuta la kurushia miaka ile lilikuwa juu kuliko la leo. Mwaka 1969 ligi ililipunguza kutoka inchi 15 hadi 10. Koufax mwaka 1965 alikuwa na wastani 1.38 nyumbani na 2.72 ugenini. Tofauti hiyo ni kubwa na anayeitumia kumpandisha Marichal ana haki yake. Ndiyo maana nikasema wale wawili wamekaribiana. Hata hivyo uwanja haurushi iningi 930. Kumwezesha mtu kusimama kila baada ya siku 3 mwaka mzima ni jambo la mkono na uvumilivu, na mkono wa Koufax ulikuwa mgonjwa. Kabla msimu wa 1965 haujaanza kiwiko chake kilivimba na mkono ukabadilika rangi kwa damu iliyovilia ndani. Ikafikiriwa arushe mara moja kwa wiki. Akarusha iningi 335. Alipakwa dawa ya kuunguza kabla ya mechi, akachomwa sindano za kotizoni, na mechi ikiisha aliuzamisha mkono kwenye maji ya barafu.

Mwaka 1966 ndio unaonishawishi zaidi, kwa kuwa safari hii Giants walikuwa bora. Perry alichanua. Hadi Agosti alikuwa ameshinda 20 na kupoteza 2, na ule mpira wa mate, unaolowanishwa kinyume cha sheria ili upinde, ambao baadaye aliukiri mwenyewe hadharani ulikuwa umeshaingia mkobani mwake. Marichal na Perry wakishinda 46 kwa jumla, Bobby Bolin akiwa na wastani 2.89, ungesema mwaka huu ni wao. Lakini nani wa nne? Shaw alianza vibaya, Juni akaondoka kwenda New York Mets. Mei walikuwa wamemtoa mpigaji wao Orlando Cepeda kwa St. Louis Cardinals wampate Ray Sadecki, aliyewahi kushinda mechi 20 mwaka 1964. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi, walijua pengo lao liko wapi. Sadecki akawashindia 3, akapoteza 7, wastani 5.40. Mwaka uliofuata Cepeda akawa mchezaji bora wa ligi. Perry naye, baada ya zile 20, alimaliza msimu na 21 kwa 8. Yaani alishinda 1 na kupoteza 6 katika wiki zile ambazo ubingwa ulikuwa unaamuliwa.

Upande wa pili Drysdale hakuwa na mwaka mzuri, 13 kwa 16, baada ya yeye na Koufax kugoma pamoja kudai mishahara yao kabla ya msimu. Kwingine, mrushaji wa pili akilegea, timu inazama. Dodgers walikuwa na Osteen, 17 kwa 14 na wastani 2.85, na kijana mgeni, Don Sutton, aliyerusha iningi 225, akatoa wapigaji 209 kwa straiki, wastani 2.99. Mtu wa nne! Giants wangetoa nini kumpata mtu kama huyo?

Siku ya mwisho, Oktoba 2, Dodgers walikuwa Philadelphia na mechi mbili. Drysdale alianza ya kwanza, wakapoteza. Giants walikuwa wameshinda yao Pittsburgh, wanasubiri. Koufax akapanda tutani kwa mechi ya pili, siku mbili tu za mapumziko, mgongo ukamkaza katikati ya mechi, akamaliza iningi 9 na kushinda 6-3. Mwezi uliofuata, akiwa na miaka 30, akatangaza kustaafu kwa sababu ya kile kiwiko.

Kwa hiyo, mkiniuliza nani arushe mechi moja, nitampa Koufax mpira, na Marichal nitampa kesho yake kabla sijamfikiria Drysdale. Mkiniuliza zamu nzima, kuanzia Aprili hadi Oktoba, mkoba unabaki Los Angeles, na kura yangu ya mchezaji aliyedharauliwa kuliko wote katika hesabu hii inakwenda kwa Claude Osteen.