Kikombe gani, dada?

Ijumaa moja usiku, saa nne kasorobo, nimeshachomeka simu kwenye chaji na kuzima taa, ikaingia imeili ya maneno matatu: "Kikombe gani, dada?" Salamu hakuna, jina hakuna.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimewatumia wasomaji wangu, kwa imeili, barua yangu ya mapishi ya kila Ijumaa; ya siku hiyo ilikuwa ya mkate wa kumimina. Vikombe vitatu vya mchele uliolala majini, vikombe viwili vya tui, hamira, iliki, ute wa mayai. Ndivyo alivyonifundisha mama, na mama hakuwahi kuulizwa kikombe gani kwa sababu nyumbani Tanga kikombe kilikuwa kimoja: cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, kimebanduka rangi penye mkono. Aliyeniuliza mimi yuko Muscat. Nilipomjibu akanitumia picha ya kikombe kirefu cha kahawa, na kando yake kasimamisha kijiko nipate kukadiria. Vyangu viwili vingeingia humo. Uji wake ulifura, ukapanda sufuria, ukamwagikia ndani ya oveni, na mumewe akaamka akidhani nyumba inaungua.

Tulicheka kwa maandishi mpaka saa sita usiku.

Nilikuwa nimeshatuma barua kila Ijumaa kwa mwaka na miezi minne, na yeye ndiye msomaji wa kwanza kuniuliza kitu. Nilijidanganya kwamba wengine wote wananielewa. Kumbe barua zangu zilikuwa zinatoka kwenye anwani ya "usijibu", ile ambayo mtu akiijibu maneno yake yanapotelea hewani. Mwaka mzima nagonga mlango wa mtu, nasema yangu, naondoka kabla hajafungua. Wiki ile nilikuwa nimehamia programu nyingine ya kutumia barua, na kwa haraka zangu nikaacha anwani yangu ya kawaida kwenye nafasi ya majibu. Kwa hiyo usinisifu, ilikuwa bahati. Lakini kama nawe unawatumia watu barua kwa imeili, na huna muda wa kusoma mpaka chini, chukua hili uende nalo: anwani ya kujibiwa iwe yako, na uisome mwenyewe.

Kabla ya hapo nilichokuwa nakitazama ni asilimia. Ijumaa jioni natega kompyuta, nahesabu wangapi wamefungua, nafurahi au nanuna. Namba zile zina uongo wake. Programu hujua barua imefunguliwa kwa kuficha ndani yake kipicha kidogo kisichoonekana. Kikipakuliwa, unahesabiwa umesoma. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua vipicha hivyo yenyewe, mwenye simu awe anasoma au anakoroma. Na mtu wa Korogwe anayebana bando, aliyezuia picha zisipakuliwe, anaweza kusoma barua yako neno kwa neno na bado akaandikwa hajafungua. Sisemi usizitazame. Mimi bado nazichungulia, mara moja kwa mwezi hivi. Ila asilimia haijawahi kunieleza kwamba kikombe changu hakieleweki.

Ijumaa iliyofuata sikutuma pishi lolote. Kwa ruhusa yake nilisimulia kisa cha oveni ya Muscat, nikaweka picha ya kikombe cha mama, nikasema kinachukua mililita 250 nilipokipima kwa maji, nikamalizia: "Wewe kwako unapimia nini?" Nilikuwa na wasomaji hawafiki 400. Walijibu 31, na wengine walituma picha. Bilauri ya chai. Kifuniko cha chupa ya chai. Kopo la maziwa ya unga lililokatwa mdomo na kusuguliwa lisikate mkono. Bibi mmoja alijibu kwa mkono wa mjukuu wake: "Mwanangu, sisi tulipima kwa kibaba. Vibaba viwili kisaga, vibaba vinne pishi. Hayo ya vikombe mmeyaleta ninyi." Nilimjibu kwa shikamoo mbili, moja yake na moja ya marehemu bibi yangu, aliyekuwa akisema hivyo hivyo.

Barua ile ndiyo iliyonifundisha kuuliza. Nyuma nilikuwa naweka mwishoni "Tupe maoni yako", na sikumbuki kama nilipata hata moja. Maoni ni kazi. Mtu ana unga mikononi, mtoto analia, wewe unamwambia atunge maoni! Muulize kitu ambacho jibu lake lipo jikoni kwake tayari. Kaimati zenu mnazimwagia shira juu, au mnazitumbukiza kwenye sufuria ya shira? Tui la kwanza mnalitia lini? Kwenye vitumbua, mchele mnasaga mbichi wote au mnachanganya na wali kidogo? Hapo mtu anajibu huku amesimama, na mara nyingi akishajibu la jikoni anaendelea mwenyewe na la moyoni. Na uliza moja tu. Ukiuliza mawili hatajibu hata moja, nimejaribu.

Swali hilo usilizike chini ya mapambo. Nilikuwa na kiolezo kizuri, vitufe vya rangi, mistari, aikoni za kila mtandao, na sikujua kwamba Gmail hukata barua ambayo maandishi yake pamoja na misimbo, yale maagizo ya kompyuta yanayoipamba, yamezidi kilobaiti 102. Msomaji anaona nusu, na huku chini kuna kijistari cha kubonyeza aone iliyobaki. Nani anabonyeza? Swali langu na jina langu vilikuwa huko chini. Siku hizi natuma maandishi matupu na picha moja niliyoipunguza uzito. Haipendezi sana, lakini barua ya shangazi yako nayo haikuwa na vitufe.

Kuna jambo la kwetu ambalo washauri wa nje hawalizungumzii. Wengi wa wasomaji wetu imeili zao zilifunguliwa na fundi wa simu siku waliyonunua simu, ili tu simu iweze kupakua programu. Nenosiri analijua fundi. Sanduku lenyewe mwenye simu hajawahi kuingia. Kwa hiyo mtu anajiandikisha kwa moyo wote, kisha barua zinarundikana mahali asipopajua, na wewe unamhesabu hapendi. Nilichofanya ni hiki: anayejiandikisha anapata kwanza barua fupi yenye kichwa cha neno moja, "Hodi". Ndani namwomba ajibu "Karibu". Basi. Akijibu, najua sanduku analiona, na hata mitambo ya barua inajua mimi ni mtu anayezungumza naye, hainitupi kwenye kapu la taka kirahisi. Asipojibu siku tatu, na kama aliniachia namba mwenyewe, namtumia ujumbe wa WhatsApp kumwelekeza pa kutazama. Wapo wanaojibu "Karibu ndani, kiti hiki hapa". Mmoja alijibu "Hatununui", nikampenda tangu siku hiyo.

Wala kujibu si jambo tulilojifunza juzi. Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923 enzi za Mwingereza Tanganyika, lilikuwa likichapa mashairi ya wasomaji, na mshairi akitupa hoja toleo hili, mwingine wa wilaya ya mbali anamjibu kwa beti matoleo ya mbele. Watu walingoja miezi kumsoma mtu wasiyemjua aliyewapinga. Baadaye zikaja kadi za salamu za redioni, mtu ananunua kadi, anajaza majina ya ndugu na marafiki mpaka ukingoni, anapeleka posta, kisha anakaa karibu na redio wiki nzima asikie jina lake likisomwa. Nikiona mtu anasema wasomaji wa Kiswahili hawajibu, huwa najiuliza aliwauliza nini.

Ninavyowajibu mimi: Jumamosi baada ya kufua, kwa mkono, mmoja mmoja. Saa mbili hivi, wakati mwingine tatu. Sina jibu la kunakili na kubandika, kwa sababu wasomaji wana dada na mashoga zao, wanaonyeshana. Nina daftari la shule la kurasa 96 ninamoandika: fulani, mama wa mapacha, hali mayai, fulani, anauza maandazi stendi, anataka bei. Miezi sita baadaye ukimuuliza mtu "mapacha wameanza kutembea?" unakuwa umeingia ukoo.

Na daftari hilo ndilo lililonitia aibu. Msomaji mmoja alinieleza jinsi alivyoacha biashara ya vitumbua baada ya kufiwa, na kwa nini. Ilikuwa habari nzito, imeandikwa vizuri kuliko ninavyoandika mimi. Nikaitumia katika barua ya Ijumaa. Nilibadili jina, nikabadili na mtaa, nikaona nimemsitiri. Majirani wawili walikuwa wasomaji wangu. Walimtambua kwa idadi ya watoto na aina ya jiko. Aliniandikia mstari mmoja: "Nilikuambia wewe." Niliomba radhi, akanipokea kwa adabu, akajitoa kwenye orodha wiki hiyo hiyo. Sikumlaumu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na ni vizuri uzijue ukishaanza kukusanya anwani za watu, lakini aliyeniumbua si sheria. Tangu hapo mtu akiniambia jambo, hata dogo la chumvi, namuuliza: hili niliseme, niliseme na jina lako, au libaki? Wengi wanasema sema. Wakisema libaki, hata kwenye daftari siliandiki.

Wanaojitoa waache waende. Kuwafuata na "tumekukosea nini" ni kuwashika watu shati mlangoni.

Nimalizie na la bando, kwa sababu linanigusa. Yule wa Muscat ana intaneti nyumbani mchana kutwa; bibi wa vibaba anasoma kwa simu ya mjukuu anaporudi chuo. Nikiweka video ya dakika nane, nimemwandikia wa Muscat peke yake. Kwa hiyo video naitaja kwa linki chini kabisa, na kila hatua ya pishi naiandika kwa maneno, hata ile ya kusema uji umefura kiasi gani. Inanigharimu. Kueleza kwa maneno rangi ya iliki iliyosagwa ikiiva si mchezo.

Hapa mezani nina imeili ya mzee mmoja wa Pangani, mjane, ameanza kupika mwenyewe akiwa na miaka sabini na kitu. Kaimati zake zinanywa mafuta. Amenieleza karai, amenieleza moto, amenieleza mpaka jinsi anavyoketi, na anauliza kosa liko wapi. Nadhani anazitumbukiza kabla mafuta hayajapata, lakini kuna neno moja kuhusu hamira sikulielewa. Ni siku ya nne leo sijamjibu, kwa sababu nilikuwa naandika haya. Ngoja nikamwulize.