Sio laptopu, ni hiyo listi yako

Nyinyi wadogo zangu mnaoanza Python, hiyo lugha ya kuandikia programu, kwenye ofisi za kutoa mizigo hapa Kilindini, nawasikia mkilia ati mashine nzito, mwataka laptopu mpya. Mashine haina neno bwana. Angalieni listi, hiyo orodha ya vitu mnayotengeneza ndani ya Python.

Umepewa faili mbili, moja ina makontena yote ya mwezi, nyingine yale yaliyokwisha kutoka, na bosi ataka kujua gani bado yamelala bandarini. Unaandika lupu, ile amri ya kupitia makontena moja moja, ndani yake `if namba not in zimetoka`, yaani kama namba haimo kwenye zimetoka, na zimetoka ni listi. Hapo Python kila mzunguko yaanza kusoma listi kutoka juu, moja moja, mpaka iipate, na kontena ambalo halijatoka ndo baya zaidi manake lazima isome mpaka mwisho ndo iamini halipo. Makontena 20,000, yaliyotoka 5,000, hapo ishalinganisha zaidi ya mara milioni 80. Lazima ungoje.

Andika `zimetoka = set(zimetoka)` juu ya lupu, listi igeuke seti, basi. Seti yapiga hesabu ya hashi kwa hiyo namba, hesabu ya kuonyesha mahali pake, na kwenda pale pale inapofaa kuwa, iwe na vitu mia ama laki. Lakini JUU ya lupu jamani, ukiweka `in set(zimetoka)` ndani wajenga seti upya kila mzunguko, afadhali ungebaki na listi yako. Na yale makontena yote yaache kwenye listi, seti haiweki mpangilio na ripoti yako itatoka shaghalabaghala. Kama ni vitu vitano tu vya kutafuta, usijisumbue.

Halafu safisha data kwanza. "CSQU3054383" na "CSQU3054383 " yenye nafasi mwishoni ni vitu viwili tofauti, Excel za watu zimejaa hizo, kwa hivo `.strip().upper()` pande zote mbili, yaondoa nafasi za pembeni na kufanya herufi zote kubwa. Namba ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7, ikizidi ama ikipungua 11 itoe kando uiangalie kwa macho.

Na hii `if hali in ("TAYARI")` niliiona juzi kwa skripti ya kijana mmoja. Bila koma baada ya neno hayo mabano ni pambo tu, Python yatafuta maandishi ndani ya maandishi, kwa hivo "TAYA" yapita, na seli tupu iliyosomwa kama maandishi matupu pia yapita! Weka koma, `("TAYARI",)`, ama tumia `==` tu.