Uliza Ujibiwe: Wakisema lazima vita, tuwaulize nini?

Mwezi huu simu imejaa meseji za vita, nadhani ni kwa sababu ya taarifa za habari. Nimechagua nne, nyingine zinafanana.

Mhariri habari za kazi. Mimi na kaka yangu hatuelewani kuhusu Iraq. Yeye anasema Marekani walipovamia 2003 walikosea tu, majasusi nao ni binadamu. Mi nasema walidanganya. Nani yuko sawa? Na mtu wa kawaida angejuaje wakati ushahidi wenyewe ni siri? – Dada wa Tanga

Dada, sababu waliyoitoa ni kwamba Iraq ina silaha za maangamizi. Tuanze na barua moja tu, maana hiyo barua peke yake inasema mengi. Tarehe 28 Januari 2003 Rais Bush alisimama mbele ya bunge lao akasema serikali ya Uingereza imegundua Saddam Hussein, rais wa Iraq, alitafuta urani kwa wingi kutoka Afrika. Afrika hapo ni Niger, na urani ndo madini ya kutengenezea bomu la nyuklia. Kati ya vitu vilivyokuwa vinazunguka nyuma ya madai hayo kulikuwa na nyaraka zinazoonekana kama za serikali ya Niger, zina mihuri na saini, na wakaguzi wa shirika la nguvu za atomiki, IAEA, wakakabidhiwa Februari wakaanza kuzipitia. Haikuwachukua muda. Barua moja ya mwaka 2000 ilikuwa na saini ya waziri wa mambo ya nje ambaye alishatoka kwenye cheo hicho zaidi ya miaka 10 nyuma. Yaani ni jina la waziri, kitu ambacho karani yeyote pale Niamey angekwambia bila kufungua faili! Tarehe 7 Machi, Mohamed ElBaradei, yule Mmisri aliyekuwa mkuu wa IAEA, akaliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa waziwazi kwamba nyaraka zile si halisi. Vita ikaanza tarehe 20 Machi. Siku 13 baadaye.

Na hata kabla ya hapo, Februari 2002, CIA, shirika la ujasusi la Marekani, walishamtuma balozi mstaafu Joseph Wilson aende Niger akaulize mwenyewe, akarudi akasema biashara hiyo haielekei kuwepo, migodi inaendeshwa na kampuni za nje zikiongozwa na Wafaransa, si rahisi mtu atoe mzigo mkubwa wa urani pale kimyakimya bila mtu kushtuka.

Sasa kaka yako ana hoja, majasusi wanakosea kweli na Saddam alishawahi kuwa na silaha za sumu akazitumia kwa Wakurdi pale Halabja 1988, hakuna anayebisha. Lakini mtu aliyekosea ukimwonyesha kosa anasimama kwanza, anaangalia tena. Hawa walionyeshwa wakaongeza mwendo. Colin Powell, waziri wao wa mambo ya nje, alikaa mbele ya Baraza la Usalama tarehe 5 Februari ameshika kichupa kidogo kuonyesha kimeta kiasi gani kinatosha kuua watu, akaonyesha na michoro ya malori ambayo ndani yake eti ni maabara za silaha za vijidudu. Habari ya malori kwa sehemu kubwa ilitoka kwa mkimbizi mmoja wa Kiiraki aliyekuwa Ujerumani, majasusi walimpa jina la Curveball, Wajerumani wenyewe walikuwa na wasiwasi naye, na 2011 akakiri kwenye magazeti kwamba alitunga. Dunia nzima iliambiwa kitu kama uhakika, kumbe kimesimama juu ya mdomo wa mtu mmoja.

Kuhusu siri, hapa ndo panaponiuma zaidi. Oktoba 2002 idara za ujasusi za Marekani ziliandika ripoti yao ya siri kuhusu Iraq, na ndani yake kulikuwa na watu wanapinga, kwa mfano wataalamu wa Wizara ya Nishati walisema yale mabomba ya alumini yaliyonunuliwa na Iraq yanafaa zaidi kwa roketi za kawaida kuliko kwa mashine za kurutubisha urani, yaani kuiongezea nguvu hadi ifae kwa bomu. Toleo walilopewa wananchi lilikuwa limepunguzwa mashaka. Kwa hiyo siri haikuficha ushahidi mkubwa zaidi, ilificha wasiwasi. Serikali ikikwambia "laiti mngejua tunachokijua", ujue inawezekana kabisa wanachokijua ni kidogo kuliko wanachokisema.

Na mtu wa kawaida angejua, dada. Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa, na wakaguzi wake walikuwa Iraq tangu Novemba 2002, wamezunguka mamia ya maeneo, na tarehe hiyo hiyo 7 Machi akasema kumaliza kazi hakutachukua miaka wala wiki, ni miezi. Miezi tu alikuwa anaomba! Siku chache baadaye wakaambiwa wafunge virago watoke, mabomu yanakuja. Kule Uingereza Robin Cook, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, alijiuzulu uwaziri tarehe 17 Machi akasimama bungeni akasema huenda Iraq haina silaha za maangamizi kwa maana tunayoielewa sisi. Haya yote yalitangazwa redioni kabla bomu la kwanza halijaanguka. Baada ya vita Wamarekani wenyewe walitafuta zaidi ya mwaka, na ripoti yao ya Oktoba 2004 ikasema hakuna maghala ya silaha hizo. Raia zaidi ya laki moja wamekufa Iraq kwenye vita ile na vurugu zilizofuata. Kwa hiyo mimi niko upande wako, ila neno ningetumia si "walidanganya" peke yake, ningesema waliamua kwanza halafu wakaenda kutafuta sababu.

Assalaam alaykum. Sisi tupo Muscat, watu wa Zanzibar kwa asili. Kuhusu Iran ni hadithi ile ile ya Iraq au safari hii ni kweli? Watoto wanauliza na sina jibu. – Mama, Muscat

Wa alaykum salaam mama yangu. Si hadithi ile ile, na ni vizuri watoto waambiwe hivyo. Hadi katikati ya 2025 Iran ilikuwa inarutubisha urani kweli, IAEA wenyewe walisema imefika asilimia 60, wakati mkataba wa nyuklia wa 2015 kati yake na mataifa makubwa uliwaruhusu asilimia 3.67 tu. Lakini mkataba huo Marekani ndo walijitoa, Mei 2018, na wakati ule wakaguzi walikuwa wanasema Iran inaufuata. Kuwa na urani na kuamua kutengeneza bomu ni mambo mawili, na Machi 2025 mkuu wa ujasusi wa Marekani, Tulsi Gabbard, aliwaambia maseneta kwamba tathmini ya idara zao ni kuwa Iran haitengenezi bomu. Miezi mitatu baadaye Rais Trump akaulizwa, akasema Gabbard amekosea.

Nyie mliopo huko mmeona kwa macho kitu ambacho wengi wetu tunakisoma tu. Mazungumzo ya Marekani na Iran yalianza hapo hapo Muscat tarehe 12 Aprili 2025, Oman ndo mpatanishi, na duru ya sita ilipangwa tarehe 15 Juni, hapo Muscat tena. Israel wakaanza kuipiga Iran tarehe 13. Tarehe 22 Marekani nao wakapiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan. Waambie watoto waulize hivi: kama shida ilikuwa ni urani, kwa nini meza ya kuizungumzia ilivunjwa siku mbili kabla watu hawajakaa? Sisemi serikali ya Iran ni malaika, watu wake wenyewe wameumia mikononi mwake. Nasema sababu iliyotolewa na kitu kilichofanyika havikukaa pamoja.

Kwa nini kila vita wanasema itaisha haraka na haitagharimu? – Kijana wa Kampala

Kwa sababu wakisema bei halisi watu watakataa. Jenerali Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, aliposema Februari 2003 Iraq itahitaji askari laki kadhaa baada ya vita, Paul Wolfowitz wa Wizara ya Ulinzi akampinga hadharani, akasema pia Iraq itaweza kugharamia ujenzi wake yenyewe, na upesi tu. Askari wa Marekani waliendelea kukaa pale hadi mwisho wa 2011, na wewe kijana wa Kampala unajua maelfu ya Waganda walioajiriwa na kampuni binafsi kwenda kulinda kambi zao huko, mishahara ikawa inashuka kadri miaka inavyoenda.

Baba yangu alipigana Vita ya Kagera. Nikimsomea hizi makala zenu ananyamaza. Mnataka kusema na yeye alidanganywa? – Msomaji, Bukoba

Hapana, na kwanza mpelekee mzee shikamoo yetu. Kagera ile kulikuwa na madai ya uongo kweli, ila yalitoka upande wa pili, Amin ndo aliyesema Tanzania imemvamia, halafu Novemba 1978 akatangaza ardhi yote kaskazini ya mto Kagera ni yake. Upande wetu hapakuwa na haja ya picha za setilaiti wala mtu wa siri. Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa, ng'ombe wamechukuliwa, watu wanakimbia na vifurushi kichwani kuja huko huko kwenu, mtu yeyote wa Bukoba angeweza kukusimulia. Nyerere aliposema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, hiyo sababu ilikuwa imeshapita barabarani mbele ya macho ya watu.

Kuvuka mpaka na kwenda hadi Kampala, iliyoanguka Aprili 1979, huo ulikuwa uamuzi mwingine na unastahili maswali yake, maana tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18 na wote tunajua ile mikanda ilikaa muda gani. Kuuliza hayo hakupunguzi hata chembe ya heshima ya mzee. Kama yuko tayari kuongea, muulize walipokuwa wanaondoka waliambiwa wanaenda wapi na kurudi lini, utuandikie, tutalichapa kama alivyolisema.